Gunia Juu ya Paneli

Jumatatu, 10 Juni

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu. Umeme ukikatika, mimi hufurahi. Si kwamba napenda giza — nitasomaje gizani? Nafurahi kwa sababu Baba ni fundi jenereta. Mtaa ukizimika, simu yake haitulii. Hurudi nyumbani akipiga mluzi, grisi mpaka kwenye masikio, na kuniuliza, "Haya Profesa, leo umesoma nini?"

Sasa balaa. Ijumaa ni siku ya wazazi. Mwalimu wa fizikia amegawa kazi kuhusu nishati jadidifu, yaani inayorudi tena na tena, na isiyo jadidifu. Mimi nimepewa jua! Nisimame mbele ya wazazi wote, niwashe feni kwa umeme wa jua, kisha nieleze kwa nini tusitegemee dizeli. Dizeli! Mbele ya Baba! Nikasema sawa, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia.

Nimerudi na paneli kuukuu ya shule, betri yake na feni, niijaribie nyumbani.

Jumanne, 11 Juni

Asubuhi nimeiweka paneli juu ya paa la karakana. Baba alinishikia ngazi, akataka kujua inafanyaje kazi. Nikamweleza kwa kuzungukazunguka: mafuta na makaa ya mawe yalichukua mamilioni ya miaka kutengenezeka ardhini, tukiyachoma ndiyo basi. Jua na upepo vinarudi tu. Kuni nazo zinarudi, ila mpaka tupande miti kwa kasi ile ile tunayokata.

Bibi alikuwa anachambua maharage mlangoni. "Na mimi, mke mwenzangu? Ni jadidifu?"

Baba akawahi kumjibu. Eti mama yake ni dizeli tupu: moshi mwingi, kelele nyingi, lakini hata baridi iweje, anawaka. Kandambili ya Bibi ikamkosa chupuchupu.

Jioni feni haikuzunguka. Betri tupu.

Jumatano, 12 Juni

Tupu tena! Na jua la leo lilikuwa la kupasua kichwa. Nyaya nimezikagua zote. Ziko sawa.

Mwalimu amesema kesho ikishindikana tutaachana na feni, tutabandika bango, na Spika atalisoma. (Spika ni kijana wa darasa letu. Hajawahi kunyamaza tangu tumjue.) Ningepaswa kushangilia. Badala yake nilijificha maktaba na kufungua kitabu, nikasoma mstari mmoja huo huo kwa hasira. Kumbe nataka kusimama! Mimi!

Alhamisi, 13 Juni

Lazima niandike yote.

Tumeruhusiwa mapema kwenda kuandaa vifaa. Nafika nyumbani jua likiwa utosini — Baba yuko juu ya ngazi na gunia lililoloweshwa maji. Analitandaza juu ya paneli. Polepole, kama anafunika mtoto aliyelala.

"Baba! Unafanya nini?"

"Naipoza. Imechemka mno, mwanangu, ukiigusa inaunguza. Mashine ikichemka hivi haifiki mbali. Tangu juzi naifunika mchana, jua likipungua naifunua. We nenda zako shule, mimi nipo."

Mchana! Saa zile zile inapokula!

Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Kila anayemjua Baba anamwita fundi. Mimi nimwambieje? Nikaitazama ngazi, si yeye. Nikasema taratibu kwamba hii haina injini ndani. Chakula chake ni mwanga. Tukiifunika, inashinda njaa.

Halafu ngazi ikaanza kutikisika — Baba anacheka! "Kwa hiyo siku zote hizi nimeiziba mdomo?"

Bibi akadakia kutoka ndani kwamba ndiyo tabia yake, hata mimi nilipozaliwa alinirundikia mablanketi mpaka nikatoka vipele vya joto.

Lakini nimeangalia kitabuni. Paneli ikichemka sana, umeme wake hupungua kidogo. Baba hakukosea yote! Nilipomwonyesha, aliusoma ukurasa ule mara mbili. Kisha tukaiinua juu ya vipande vya tofali, upepo upite chini yake.

Jioni feni IMEZUNGUKA! Bibi alivua kilemba ili apate upepo vizuri. Baba alikaa mbele ya feni kama waziri, vifungo vya shati wazi. Kisha akasema, bila kunitazama, "Kwa hiyo kesho utawaambia watu waachane na jenereta."

Nikajifanya nasoma.

Ijumaa, 14 Juni

Feni ilizunguka. Nilisema yote: mafuta, makaa ya mawe, jua, upepo, kuni. Spika mwenyewe alipiga makofi. Nikadhani nimemaliza.

Mzazi mmoja mwenye duka la vipuri akanyoosha mkono. Akasema nimeeleza vizuri sana, lakini baba yangu si yule pale nyuma? Kila paa likiwekwa umeme wa jua, fundi wetu atakula nini?

Ukumbi mzima ukacheka. Baba pia alicheka, lakini macho yalikuwa kwenye viatu vyake.

Ni swali lile lile ninalolikimbia tangu Jumatatu. Spika akaninong'oneza kitu, sikukisikia.

Nikaweka karatasi yangu chini. Nikachukua bisibisi iliyokuwa kando ya betri, nikalegeza skrubu za betri, nikachomoa waya wa feni. Ikasimama. Mwalimu akainuka nusu kwenye kiti. Nikashuka jukwaani, nikapita katikati ya viti mpaka mstari wa mwisho, nikampa Baba bisibisi. "Fundi," nikasema, "umeme wa jua umekatika."