Gari Lililokula Shamba la Mama

Baba,

Gari lako nimeliuza. Nakuambia mapema ili usitafute habari njema katika barua hii. Limeondoka nyumbani juu ya lori, kwa sababu hata siku ya kuuzwa lilikataa kuwaka.

Wengine wakifiwa na baba huandika kwamba pengo lake halizibiki. Mimi naandika kwa sababu nina hasira na wewe, na hasira yenyewe siwezi kuitoa kaburini kwako mbele ya Mama.

Uliendesha watalii mbugani miaka mingi. Magari uliyajua. Ndiyo maana siku ulipoleta ile kempa ya dizeli, gari la kulala humo humo safarini, hakuna aliyethubutu kukuuliza kitu. Wenyewe walikuwa Wazungu, mtu na mkewe, waliosafiri nayo kutoka kwao hadi Arusha, wakachoka, wakataka kurudi kwa ndege. Ulitutembeza ndani kama mwenye nyumba mpya: hiki kitanda, hili jiko la gesi, hapa sinki. Mama alibaki nje na ndoo ya maziwa. Akakuuliza umelinunua kwa fedha gani. Ukajibu, "Za shamba la chini," kama mtu anayetaja bei ya sukari.

Shamba la chini lilikuwa lako kwa karatasi. Kwa jembe lilikuwa la Mama. Alilima maharage pale tangu sijazaliwa, na mimi na kaka Elibariki tulisoma kwa maharage yale. Hukumuuliza. Ulimwambia tu kwamba watalii watalikodi gari, watalala humo humo wakizunguka Meru na mbuga zote, na baada ya miaka miwili utamnunulia shamba kubwa kuliko lile. "Dizeli haifi," ukasema. "Wanaosumbuka ni wenye petroli."

Halikumaliza hata masika. Lilianza kutoa moshi mweusi, kisha likawa linaishiwa nguvu kwenye mlima wetu wa kupandia nyumbani. Fundi Loi wa Kijenge alilifungua, akakuambia nikiwa nimesimama pale pale: "Mzee, hii si dizeli uliyoizoea. Hii ina nyaya kila mahali, na haitaki mafuta machafu." Pampu ikabidi iagizwe ng'ambo. Ukamuuza Sifa, ng'ombe aliyekuwa anatupa maziwa. Pampu ikaja, zikafa nozeli za kupulizia mafuta. Ukauza mtamba wake. Kisha likaanza kuchemsha, ukakata migrevilea aliyoipanda Babu, mbao zikaenda kwenye rejeta. Kila ukitoka gereji ulikuja unatabasamu. "Sasa limepona," unasema, na Mama anaitikia, "Haya," anaendelea kuchambua mboga.

Nikutendee haki. Lilipokuwa zima, lilikuwa zima kweli. Ulitupeleka Ngarenanyuki, ukaegesha mahali mlima unaonekana wote, tukachemsha chai kwenye lile jiko. Mama aliosha vikombe kwenye sinki huku amesimama wima, akacheka, akasema hajawahi kuosha chombo bila kuinama. Hata hilo linanikera, Baba. Akikusimulia kwa wageni, anasimulia siku ile tu. Sifa hamtaji.

Sasa asubuhi ile. Kifua kilikubana ukiwa unakunywa uji. Nilikuwa nimekuja nyumbani kutoka Kijenge, nimeacha nguo za wateja kwenye cherehani. Jirani yetu Mama Neema alikuwa getini na pikapu yake ya ndizi, injini inaunguruma, anakwenda sokoni. Alikuambia, "Shemeji, panda mbele, tukupeleke." Ukamjibu, "Nina gari langu." Mama akakusihi. Nikakusihi. Ukanitupia ufunguo. Nikakaa kwenye usukani kwa sababu hukutaka kuingia gari jingine, na kubishana kulikuwa kunakumaliza pumzi.

Lilizima kabla hatujafika lami ya Maji ya Chai. Taa ya injini ikawaka, nguvu zikakata, likasimama katikati ya njia. Mama akashuka, akakimbilia barabarani na khanga mkononi kusimamisha magari. Pikapu ya Mama Neema ilikuwa imeshapita zamani. Wewe ulikuwa umeegemea mlango, jasho linakutiririka. Ukaniambia, "Liache lipoe, halafu piga stata."

Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho kwangu. Hukuniita jina. Hukuniachia hata neno la kumpelekea Mama. Ulinipa maelekezo ya gari.

Msamaria mmoja akasimama na kukubeba. Hospitalini, daktari hakumlaumu mtu. Alisema tu, "Mngewahi kidogo." Neno hilo "kidogo" nalala nalo, naamka nalo.

Elibariki akaja kutoka Dar kukuzika, akapiga picha ameegemea ubavu wa gari, akasema, "Hili ni jasho la Mzee, haliuzwi." Kisha akapanda basi, akaniachia hilo jasho. Ulikuwa umeshapokea fedha ya wageni wawili wa kulikodi kabla hujafa, nikaona nisikuaibishe. Nikauza cherehani yangu ya pili, Loi akalitengeneza, nikawapakia. Likafia Terrat, kwenye vumbi na jua la mchana. Wageni wakatoa viti vyao vya kukunja, wakakaa kandokando ya gari wakinitazama nikipiga stata. Mwishowe yule mgeni wa kike akaniambia, "Pole sana," akapiga simu kuita gari jingine. Nikawarudishia fedha yao yote.

Nilipomwambia Elibariki nauza, alisema nauza kumbukumbu ya Baba. Nikamwambia aje aikokote.

Aliyenunua ni kijana anayeuza chipsi na kuku. Nilimweleza magonjwa yote ya gari, sikumficha hata moja. Akacheka. "Dada, injini mimi naing'oa. Nilichopenda ni dirisha." Ameliinua juu ya matofali, anauzia chipsi dirishani. Watu wanapanga foleni hapo, na haliwapeleki popote.

Shamba la chini halikurudi. Aliyelinunua ameshazungusha ukuta wa tofali. Kwa fedha ya gari nimemkodia Mama kipande ng'ambo ya mto, si kikubwa, udongo wake mweusi. Hapo ndipo vita vilipoanza. Elibariki na Baba Mdogo walitaka fedha ya gari ikujengee kaburi la vigae. Baba Mdogo alisema mbele ya wazee wa kanisa kwamba umelala kwenye udongo kama mtu asiye na watoto. Nikamjibu kwamba umelala pale kama mtu aliyeuza shamba. Wote wakamgeukia Mama. Nilijua Mama atanikemea, maana hajawahi kuruhusu usemwe vibaya.

Mama aliinuka, akachukua jembe nyuma ya mlango. Akasema, "Baba yenu anaweza kungoja. Mvua haiwezi." Akatoka.

Kwa hiyo kaburi lako bado ni udongo na msalaba wa mbao. Nalipalilia kila ninapopanda nyumbani, usiseme nimekutupa. Nakuahidi litajengwa, kwa maharage ya Mama, hata ikichukua misimu, bila senti hata moja ya lile gari. Kukusamehe sijakusamehe. Jumapili tukifika kwenye Sala ya Bwana, mahali pa kusamehe, wengine wanaendelea, mimi nafunga mdomo. Siku nitakapoweza kuyatamka maneno yale, nitakuja kukuambia mwenyewe.

Kwaheri, Baba. Maharage yameshaota, na Mama ameniita nikamsaidie kuyapalilia.

Binti yako,
Upendo