Aliyekosa Kura

Shirere, Kakamega
Jumapili, 13 Oktoba 2024

Kaka Isaiah,

Pokea salamu za dada yako Nanjala. Naomba barua hii ikukute mzima, na kile kikohozi ulichokuwa nacho mara ya mwisho tulipoonana kiwe kimekuacha. Mimi mwili hauna neno. Mama pia yuko salama, ila goti lake la kushoto linamsumbua asubuhi, na yeye hulikaripia kama anavyokaripia mbuzi aliyeingia mboga. Mahindi yamekauka vizuri huko nyumbani Likuyani mwaka huu. Yule ng'ombe mwekundu uliyemwacha akiwa ndama amezaa tena, ndama jike.

Najua hukutarajia barua. Siku hizi nani anaandika barua? Lakini simu yako huita mpaka ichoke, na jumbe zangu unazisoma bila kuzijibu. Mwenzangu kazini, Chepkirui, ana dada yake hapo Naivasha kwenye shamba hilo hilo la maua unalofanyia kazi, naye amejitolea kukuletea. Ukichoka katikati, iweke chini, ule, kisha uendelee. Nakuomba tu uifikishe mwisho, maana jambo lililonifanya nikuandikie liko huko.

Mimi bado naishi Shirere, chumba kimoja katika ploti iliyojaa wanafunzi. Wananiita anti. Wananiazima pasi na mwiko, wananirudishia pasi, mwiko haurudi. Wakipika wanapika kwa kelele, wanaitana kutoka mlango hadi mlango, na mimi nasikia kila kitu nikiwa nimekaa kitandani na sahani yangu. Siwalaumu, ni watoto. Ila kuna jioni nimemaliza kula nikagundua sijasema neno tangu nivue viatu.

Na kazi yangu, ucheke sasa, ni kuuliza watu kama wana upweke. Niko katika mradi wa utafiti wa presha kwa wazee wanaoishi peke yao. Wataalamu wanataka kujua kama mzee akitembelewa kila wiki, akaulizwa hali na kukumbushwa dawa, presha yake itashuka kuliko ya mzee anayekwenda kliniki tu kama kawaida. Kwa hiyo wazee wanagawanywa makundi mawili. Wa kundi la kwanza wanatembelewa. Wa kundi la pili wanapimwa mwanzoni, katikati na mwishoni, na kati ya hapo haturuhusiwi kuwakanyagia ua. Tukiwatembelea nao, hakutakuwa na cha kulinganisha.

Katika fomu kuna swali: ukiugua ghafla, nani wa kwanza utakayempigia simu? Wakati wa mafunzo tuliulizana wenyewe kwa wenyewe ili kuzoea. Chepkirui aliponiuliza mimi nilijibu Isaiah, bila kufikiri. Akaniambia nimpe namba basi, kwa utani. Nikampa, akapiga, ikaita bila kupokelewa, unajua mwenyewe. Tulicheka kidogo tukaendelea na swali lililofuata.

Sasa nikuambie kuhusu neno moja. Anayeingia kundi hili au lile hachaguliwi na mtu. Kompyuta inachanganya majina bila kujua ya nani, inatoa jibu. Tulipokuwa tunatafsiri maelezo ya kuwasomea wazee, mtu mmoja aliandika bahati nasibu. Daktari Immaculate, msimamizi wetu, akauliza kama hilo litapita huku kwetu. Tukasema halipiti hata kidogo, hawa ni watu wa kanisa, watadhani tunawaingiza kwenye kamari. Mimi ndiye niliyesema tuandike kura. Wote wakafurahi, wakasema hilo ndilo.

Najua neno hilo linakuchoma. Linanichoma hata mimi, na sijui kwa nini lilikuwa la kwanza kunijia. Nadhani ni kwa sababu nyumbani kwetu kura haikuwa uchaguzi. Ilikuwa kofia ya Baba. Mahindi ya mwaka ule yalitosha ada ya mmoja tu, wewe umeitwa chuo cha ufundi Sigalagala kusomea umeme, mimi nimeitwa chuo cha afya. Baba akaweka vikaratasi viwili kwenye kofia, Mama akiwa amevikunja, kimoja kimeandikwa chuo na kingine kitupu. Ukachukua kwanza kwa sababu wewe ndiye mkubwa, ukafungua, kitupu. Changu hata sikukifungua, kwa kuwa jibu lilishajulikana. Mama alikitoa mkononi mwangu akawashia moto wa chai. Wewe ukatoka nje, na kabla ya palizi ukawa umeshaondoka nyumbani.

Basi nikasimama mbele ya wazee katika kijiji kimoja ng'ambo ya Sigalagala, nikawaeleza kwamba tutapiga kura. Mama mmoja mcheshi, anaitwa Ayuma, akauliza kama hiyo kula itakuwa na nyama ama ni chai tu. Kila mtu akacheka, hata mimi, nikasahihisha kwamba ni kura, si kula. Nilidhani nimeelewesha.

Ayuma akaangukia kundi la kutembelewa. Jirani yake, Mzee Lazarus Shikanga, akaangukia kundi la pili. Mzee Lazarus alikuwa dereva wa trekta la miwa enzi zake, mrefu, sauti ya chini, mjane. Watoto wake wako mbali, wanamtumia kitu mwisho wa mwezi. Nilipompa habari ya kundi lake aliitikia tu kwa kichwa, akanisindikiza mpaka njiani. Nikaona amekubali vizuri.

Niliporudi kumpima katikati ya mradi, presha ilikuwa imepanda vibaya. Nilirudia kupima, ikabaki pale pale. Nikamwomba nione dawa, akanionyesha rafuni. Pakiti zimepangwa vizuri, hazijafunguliwa. Kiti chake cha kukalia jioni kilikuwa kimehamishiwa nyuma ya nyumba, upande wa choo, na hilo lilinishangaza kwa kuwa mbele ndiko kuna kivuli. Nikamuuliza. Akasema huko mbele anasikia Ayuma akicheka na wageni wake kila Jumatano.

Halafu akaniambia, bila hasira, kwamba hana haja ya dawa. "Mimi nilikosa kura," alisema. "Watu wa hapa hawanipendangi."

Kaka, niliiweka chini ile mashine ya presha, nikamuuliza kura gani. Kidogo kidogo akanieleza. Zamani alikuwa mwenyekiti wa kanisa lao, wakamtoa kwa kura ya mikono, yeye akiwa amesimama mbele akiona mkono wa nani umeinuka. Kwa hiyo nilipokuja na kura yangu, alielewa kwamba majirani wamekaa mahali wakapiga tena, wakaamua nani anafaa kutembelewa. Miezi yote ile alikuwa akiwasalimu njiani huku akihesabu ni nani na nani. Alikuwa ameacha kwenda kanisani. Alikuwa anajimaliza polepole kwa sababu ya neno nililolichagua mimi, tukalipigia makofi.

Sikungoja kesho. Nilimpigia Daktari Immaculate nikiwa pale pale uani. Hakunigombeza. Aliagiza mzee apelekwe kliniki siku hiyo hiyo, na akishatulia nimweleze ukweli kwa maneno yoyote atakayoyaelewa. Akasema neno lile tulibadilishe katika vijiji vyote.

Mzee alipotoka kliniki nikarudi kwake nikiwa nimejipanga. Nilimweleza habari ya kompyuta, kwamba hakuna jirani aliyeulizwa, hakuna mkono ulioinuliwa, jina lake lilichanganywa na mengine likaangukia pale lilipoangukia. Nilitegemea uso wake ufunguke. Nilitegemea acheke, aseme kumbe. Haikuwa hivyo.

"Afadhali wangenikataa watu," aliniambia. "Mtu akikukataa, amekuangalia kwanza. Hiyo mashini hata haijuangi niko na uso."

Nimelibeba neno hilo tangu siku ile. Nililala nalo Shirere, wanafunzi wakiimba upande wa pili wa ukuta.

Mwisho wake mzee aliniuliza swali moja tu: akitoka kwenye utafiti, naweza kuja? Nikampelekea Daktari. Alishusha pumzi, akasema kujitoa ni haki ya kila mshiriki, na mtu akishatoka, mradi hauna kanuni ya kuninyima kwenda kumsalimu siku yangu ya mapumziko. Basi Mzee Lazarus alijitoa, na mimi Jumapili ninakwenda. Mara ya kwanza alinichinjia kuku. Alinisukumia obusuma, ugali wa moto, na bakuli la ingokho, kuku yule yule, akasema hii ndiyo kula anayoijua yeye, na tukacheka mpaka Ayuma akachungulia uani kuona kuna nini. Alikaribishwa, akaja na sahani yake. Kiti kimerudi mbele. Dawa anameza.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda Likuyani. Mama alikuwa anachambua maharagwe, nikakaa karibu naye kumsaidia, nikamsimulia habari hii yote kama ninavyokusimulia wewe. Nilipofika pale pa afadhali wangenikataa watu, aliacha kuchambua. Nilidhani ni goti linamuuma.

Kisha akasema, akiangalia ungo, "Zote mbili zilikuwa tupu."

Sikuelewa. Akarudia. Vile vikaratasi, Isaiah. Mama ndiye aliyevikunja, na hakuandika kitu kwenye chochote. Alijua utachukua kwanza. Alijua ukikuta kitupu hakuna atakayehangaika kufungua cha pili, na kilipobaki mkononi mwangu alikiwahi akakitia motoni. Baba hakujua mpaka tunamzika.

Nilimuuliza kwa nini. Nilikasirika, sikufichi, nilimuuliza kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia kwake. Nilifikiri atasema alinipenda mimi zaidi. Pengine wewe pia umeishi ukifikiri hivyo miaka yote hii. Mama alisema ilikuwa kinyume. Mimi alijua naweza kwenda na nyumba ikabaki nyumba. Wewe ulikuwa ukiimba ukikamua, ukiita kila ng'ombe kwa jina, na ukiingia jikoni unafunua sufuria kabla ya kusalimu. Alisema hakuweza kujiona akiamka asubuhi katika boma ambalo hutakuwepo. Akatafuta njia ya kukuweka karibu bila wewe kujua kwamba ni yeye. Alitumaini utaikasirikia bahati, hutamkasirikia yeye. Na mwaka wa pili mahindi yangekupeleka Sigalagala na wewe, ungekuwa unarudi nyumbani kila mwezi. Hakufikiri kwamba utaondoka.

Ulipokuja kumzika Baba, ukasimama kule mwisho karibu na ua, ukaondoka kabla ya chakula, Mama alikuwa amejiandaa kukuambia. Anasema alikufuata mpaka barabarani na lile goti lake. Alikuona mgongo tu.

Sasa unajua. Sijui utalipokeaje. Mimi mwenyewe sijamaliza kulipokea. Nimesomea nafasi iliyoibwa, na kila ninapovaa koti la mradi nakumbuka hilo. Una haki ya kukasirika upya, na safari hii utakuwa na mtu wa kumkasirikia. Mama ameniambia nikuandikie yote, nisimpunguzie. Kuna moja tu aliloomba nilipeleke kama alivyolisema: "Mwambie nilimwangalia yeye kwanza."

Mimi nina langu. Nimechoka kula peke yangu, kaka. Nimechoka kuwa na jibu la swali lile la fomu, na namba isiyopokelewa. Nimemsamehe Mama nusu, hiyo nusu nyingine nataka tuishughulikie tukiwa wawili.

Nishukurie dada yake Chepkirui kwa kukufikishia hii. Mzee Lazarus pia anakusalimu. Nilimwambia nina kaka aliyekosa kura kama yeye, akaniuliza kura hiyo ilipigwa na nani. Nikamwambia ilipigwa na mama yetu. Akasema basi huyo ana bahati.

Mama yupo nyumbani siku zote, hatoki. Sikulazimishi umsamehe. Lakini kama ni kutukataa, usitukatae ukiwa Naivasha. Njoo, simama mlangoni, utuangalie kwanza.

Ni mimi dada yako,
Nanjala