Mrashi wa Fedha Mkononi mwa Nadra

Sokomuhogo,
Mji Mkongwe, Unguja.
31 Oktoba 2021 (mwezi 24, Mfunguo Sita)

Mpendwa mwanangu Salhiya,

Mafuta yako nshayamwaga. Makopo yote mawili, hata lile ulilolitia ndani ya soksi ukalichomeka kwenye kiatu, ukidhani mama yako kapofuka. Mtoto wa miaka kumi na moja unamletea mkorogo ajipake usoni? Nani kakutuma? Maskati ni mbali na mkono wangu haufiki, basi nakukanya kwa kalamu.

Sasa salamu, maana mie nilifunzwa adabu. Assalamu alaykum. Shikamoo yako naipokea, marahaba, najua iko njiani. U hali gani? Mgongo wako na hicho cherahani unaendeleaje? Kile kikohozi cha Ramadhani kimekwisha? Unakula chakula, au unakunywa chai tu kama ulivyozoea? Mie mzima. Magoti ndiyo hayo, ngazi zetu unazijua. Sukari imetulia. Mwanao Nadra naye mzima, alhamdulillahi, na neno hilo nimeliandika polepole kuliko mengine yote.

Nakuandikia kwa mkono wangu, kwa herufi zangu za kisomo cha watu wazima, na usicheke. Kwenye simu ukisikia neno kali unalia, kisha unasema mtandao umekatika, na mtoto kakaa hapo hapo anasikiliza. Barua huwezi kuikatia. Atakuletea Wakil, jirani yetu wa chini, anarudi Maskati Jumatano.

Nianze mwanzo, maana wewe ulisikia kipande tu, ukakimbia nacho.

Mwezi uliopita watoto walikuwa wanajifunza maulidi ya skuli. Desturi unaijua, nawe uliipitia: anayetangulia kuhifadhi mlango wake wa maulidi, akausoma bila ya kitabu, ndiye anayeshika mrashi siku yenyewe. Wakati wa kiyamu, watu wote wamesimama, yeye ndiye anayepita akiwanyunyizia marashi mmoja mmoja. Nadra alihifadhi kabla ya wenzake wote. Akisoma kwenye ngazi, akisoma akipepeta mchele, mpaka mie niliyeacha chuo cha Kurani sijafika mbali nimehifadhi naye.

Maulidi ya skuli anayasimamia Bi Shariffa wa nyumba ya mkabala, mwaka wa ishirini huu, na mrashi ule wa fedha ni wa kwao. Siku ya kupanga watoto akamtoa Nadra mbele, akamtia mstari wa nyuma, na mrashi akampa mjukuu wake, Arwa. Nadra akauliza kwa nini. Akajibiwa mbele ya wenzake: "Mrashi wa fedha unataka mkono mweupe, mwanangu. Wako hautapendeza."

Hakunambia mie. Alikwambia wewe. Na wewe badala ya kunipigia mie nikajua la kufanya, ukaenda dukani.

Viatu vikafika na mgeni, na makopo ndani yake. Nadra akayaficha chini ya godoro, akajipaka siku nne. Siku ya tano uso ukawaka moto, mashavu yakachubuka kama viazi vya kuchemsha. Akanambia vipele vya joto. Kesho yake tumbo, kisha kichwa. Skuli haendi. Kajifunika mtandio mpaka machoni, kauelekea ukuta. Namwita, naye aliyezoea kuitika "naam" mpaka mtaa wa pili wasikie, anatikisa kichwa tu. Nikadhani yale maradhi ya mwaka jana yamerudi nyumbani. Niliogopa, Salhiya. Sitaki kuandika kiasi gani.

Hapa lazima nikutolee habari ya korona, maana mengi nilikuficha.

Mwaka jana skuli zilipofungwa, na wanaume wakarudi kutoka mahoteli ya Matemwe na Uroa hawana kazi, mji huu ulinyamaza kama umefiwa. Bi Ummukulthum, mwalimu mkuu, hakukaa kwake akangojea redio imwambie nini. Aliwagawia walimu mitaa, kila mmoja na kichochoro chake. Mwalimu anapita asubuhi, anaita kutoka chini, mtoto anateremsha kikapu kwa kamba dirishani. Daftari linashuka, masomo yanapanda. Na kila nyumba anauliza: nani mgonjwa, nani hana kitu jikoni. Walio nacho walichangia wasio nacho kwa vikapu hivyo hivyo, na hakuna aliyejua cha nani kimekwenda kwa nani. Kichochoro chetu alipewa Mwalimu Abdulrazak, yule mrefu mwenye miwani.

Mie niliumwa Ramadhani ile. Siku kumi na sita. Sikukwambia, sasa nakwambia. Nilimkataza Nadra asitamke neno kwa mtu, maana sikutaka mlango wangu ukimbiwe. Siku ya tatu kikapu hakikuteremka. Mwalimu akapanda ngazi zote zile na kitambaa puani, akasimama nje ya mlango, akasema haondoki mpaka asikie sauti yangu. Nikamtukana kidogo. Akasema alhamdulillahi, akaenda kutafuta msaada.

Tangu siku hiyo mpaka nilipoinuka, supu ya moto na chai ya tangawizi zilikuwa zikiwekwa kwenye ngazi. Mtu anagonga, anashuka. Siku kumi na tatu. Alikuwa Bi Shariffa. Ndiyo, huyo huyo. Ndipo uchungu wangu ulipo, maana mtu mbaya ningemtema nikasahau.

Sasa, skuli zilipofunguliwa walimu hawakuiacha ile kazi ya vichochoro. Mtoto akikosa siku tatu, mwalimu wake anapanda. Basi siku ya tatu Mwalimu Abdulrazak kagonga. Nikamwambia mtoto ana tumbo. Siku ya nne kaja na Bi Ummukulthum mwenyewe. Yeye hakuniuliza mie kitu. Alikaa mkekani ubavuni mwa Nadra. Kisha akamwambia, nionyeshe. Mtoto akafunua mtandio.

Bi Ummukulthum aliinuka akanyanyua godoro, akatoa makopo, kama mtu aliyewahi kuyaficha pale pale.

Tulimpeleka kwa daktari siku ile ile. Kasema mafuta hayo yamepigwa marufuku, yana zebaki, na wiki mbili zaidi ngozi ile isingerudi. Tuliwahi, Salhiya. Mashavu yamepona. Imebaki alama moja karibu na sikio, kama ukucha, nayo inafifia.

Ijumaa baada ya Alasiri, Bi Ummukulthum akaita wazee wote wa watoto uani kwa skuli, kila mtu na barakoa yake, viti mbali mbali. Alieleza bila ya kumtaja mtoto, lakini mji huu nani asiyejua. Bi Shariffa akasema hakukusudia ubaya, ni mambo ya kupendezesha shughuli tu, na mama yake alikuwa akichagua vivyo hivyo.

Mie nikasimama. Nikasema babu yake Shariffa alishuka bandarini akitokea Uarabuni na mkeka na buli, akauza kahawa vichochoroni, na kama kupendeza ni mkono mweupe, basi akapendeze huko huko alikotoka babu yake. Watu wakacheka. Nikaona nimempata.

Bi Ummukulthum akanitazama. "Bi Mwanapili, hilo nalo ni lile lile. Kaa kitako, tafadhali."

Nna miaka sabini na moja. Sijaambiwa kaa kitako tangu niache chuo. Nikakaa.

Kisha akatuuliza sote: nani hapa hajapata kumwambia mtoto wake asicheze juani asije akawa mweusi? Ainue mkono. Haukuinuka hata mmoja. Si wa wenye asili ya Uarabuni, si wetu sisi tuliotoka bara. Mie nilitazama kucha zangu. Nilikumbuka nilivyokuwa nikikwita uingie ndani saa sita mchana, na maneno niliyokuwa nikikwambia. Nilikumbuka liwa, ile sandali ya kusaga, niliyokusinga wiki nzima ya harusi yako mpaka ukatoka na rangi isiyokuwa yako, na nikawaambia watu nimezaa mzuri. Basi mafuta yale najua ulijifunza wapi kuyataka. Nimeliandika mara moja, sirudii.

Wakakata shauri: desturi ni ile ya zamani, aliyehifadhi kwanza ndiye, na kuanzia sasa watakaosimamia ni walimu. Bi Shariffa aliondoka kabla ya dua, na mrashi wake kwapani.

Mrashi haukunishughulisha, chupa yoyote inanyunyiza. Kilichonishughulisha ni Nadra. Uso ulikuwa unapona lakini mtoto harudi skuli ng'o. Hakulazimishwa. Mwalimu Abdulrazak alirudi kwenye kikapu chake. Kila asubuhi anaita kutoka chini, na siku za mwanzo mie ndiye niliyeteremsha. Siku ya nne Nadra akanipokonya kamba, akasema, Bibi unakigonga ukutani. Siku ya sita akasimama dirishani akaulizana naye hesabu, mtaa mzima unasikia. Na Jumanne iliyopita akanambia, "Bibi, nikikaa nyumbani mlango wangu atausoma nani?" Nikamwambia sijui, labda mimi. Akanitazama kwa huruma. Jumatano akavaa sare, akashuka.

Alhamisi ndiyo siku ya maulidi. Asubuhi nasikia mtu anapanda ngazi akihema, ngazi moja, anapumzika. Bi Shariffa. Goti lake ni bovu kuliko langu. Mkononi mrashi umefungwa ndani ya kanga. Hakutaka kukaa, hakuzungumza na mie. Alimwita Nadra, akampa ule mzigo, akamwambia, "Nilikuvunja mbele ya wenzako, na haikuwa haki. Nitakuja nikuinue mbele yao."

Mtoto akasema ahsante Bibi Shariffa, akakimbia nao. Tukabaki wazee wawili mlangoni. Nikamwambia babu yake alikuwa akiuza kahawa nzuri sana. Akanambia anajua. Nikamtilia chai.

Basi jioni uani palijaa. Nadra akasoma mlango wake wote, hakukosa hata herufi, na sauti hiyo, mwanangu, sijui kaitoa wapi, maana wewe ulikuwa ukikwaruza. Ilipofika kiyamu akatoka mbele na mrashi. Bi Shariffa alikuwa kajipanga mwanzo kabisa wa mstari. Kabla mtoto hajamfikia, keshatandaza viganja vyote viwili, juu, kila mtu aone. Akanyunyiziwa, akajipangusa uso mzima, taratibu, kisha akaubusu mkono wa Nadra. Wanawake wakamfuata mmoja baada ya mmoja. Hata Arwa alitandaza viganja, na Nadra akammwagia kwapani, wakacheka hao, utoto.

Alipofika kwangu alininyunyizia mpaka kanga ikalowa. Nikamwambia basi, marashi ya watu hayo. Akaangua kicheko. Wiki tatu nilikuwa sijakisikia. Nilisimama kiyamu chote, magoti haya haya, na sikuyahisi.

Tangu siku ile nimelala vizuri. Leo kaamka anadai mkate wa mchele, kanambia chai yangu haina sukari, kaniudhi mara tatu kabla ya adhuhuri. Niache niudhike, nshaomba sana niudhiwe hivi.

Mumeo Gharib msalimie, mwambie ndevu zile za kwenye picha azipunguze. Shangazi yako Sumaiya wa Jozani anakusalimu, mzima, anagombana na kima kuhusu mapapai yake na kima wanashinda. Mwalimu Abdulrazak na Bi Ummukulthum wanakusalimu pia. Bi Shariffa kasema nikwambie alikushikisha wewe mrashi ule mwaka uliosingwa liwa kwa harusi ya dada yako mkubwa, ukiwa mdogo, na sasa anajiuliza alikuchagua kwa kuhifadhi au kwa rangi. Nami najiuliza. Mwenyezi Mungu akuzidishie afya, akupe kheri kwenye mikono yako hiyo inayoshona, akurejeshe kwetu na viungo vyako vyote.

Sasa nisikilize. Wakil atakuwa keshakufikishia barua hii Alhamisi. Ijumaa saa kumi za jioni, za huku kwetu, utapiga simu. Usinitake mie. Mtake Nadra. Umwambie akusomee mlango wake wote, na usimkatize, na usilie. Akimaliza, umwombe radhi. Najua radhi tumezoea kuombwa sisi wazazi. Mara hii ataomba mzazi. Umwambie kwa kinywa chako kwamba ulikosea, na kwamba uso alioumbiwa na Mungu ndio unaoutaka ukupokee bandarini siku utakayorudi. Mie nitatoka nikae barazani ili nisiwasikie. Usinipigie kabla ya hapo. Mpigie yeye.

Ndimi mama yako, nikupendaye hata ninapokugombeza,

Mwanapili