Sanduku Tupu la Prezida wa Ligi

Jumapili, Kigoma. Mvua ilianza katikati ya ibada na mpaka sasa haijakata. Nimebaki ndani na kikombe cha chai, na hasira kidogo. Hapana, si hasira. Ni wivu wa mtoto juu ya baba yake.

Elia, katibu wa chama chetu sisi watu wa Uvira, ng'ambo ya ziwa, tuliohamia huku, anaandika historia fupi ya ligi ya mpira ya nyumbani, ile ya miaka ya kwanza ya uhuru. Jana alinitumia ukurasa mmoja niupitie kabla haujachapwa. Amewapanga maprezida wa ligi kwa fedha walizoacha kwenye sanduku. Wa mwisho ni Baba yangu. Mbele ya jina lake kuna sifuri, kisha neno moja: "Alishindwa."

Sifuri ni ya kweli.

Baba aliwaruhusu watu kulipa kiingilio kwa walichokuwa nacho. Wavuvi walileta ndagala, wale dagaa wetu, kina mama unga wa muhogo. Vyote viliishia jikoni kwetu, maana timu za vijiji vya bondeni, kama Runingu na Mutarule, zilikuja kwa kamioni, lori la kukodi, na Baba hakukubali zirudi na njaa. Franka chache zilizopatikana zililipia hiyo kamioni.

Mama alipuliza moto huku akimsema: "Weye, unaongoza ligi ao umefungua hoteli?"

"Minye naongoza matumbo," Baba alijibu. "Miguu itafuata."

Nilimpenda sana akisema hivyo. Lakini niwe mkweli: mwamuzi wetu alichezesha peku, na mpira ulikuwa viraka vitupu.

Ndipo Mesheki, karani kijana mwenye mwandiko mzuri, akasimama katika mkutano wa ligi uliofanyika uani kwetu. "Prezida, feza ya ligi iko wapi?"

"Iko mu tumbo ya golikipa wa Mutarule. Mwende mumupasue!"

Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Kisha wakapiga kura, wakamwondoa Baba, wakamweka Mesheki.

Mesheki hakuiba hata senti. Alidai fedha taslimu mlangoni, akaziondoa timu za bondeni kwa kuwa kamioni ilikuwa ghali, na sanduku likajaa. Vita vya waasi vilipofika kwetu mechi zilikoma, nasi tukavuka ziwa. Elia ameandika kwamba ligi ilifungwa ikiwa na akiba nzuri. Ni kweli. Hakukuwa tena na mechi ya kuitumia.

Mchana huu nimempigia Elia simu.

"Mama, kama iko inakuumiza, naifuta ile sifuri."

"Iache, iko yake. Futa 'alishindwa'. Halafu kando ya kila prezida andika timu zilizocheza wakati wake."

"Na nani anazijua?"

"Minye."

Nikaanza kumtajia. Za mjini zilitoka haraka, Nyamianda ya kwanza. Nikashuka bondeni: Runingu, Mutarule. Halafu moja ikanitoka. Wachezaji wake walivaa fulana walizoshona kwa magunia ya unga. Nawaona wakishuka kwenye kamioni, wanaimba, mmoja anamtania Mama kwamba bukari yake, ule ugali wa muhogo, ndiyo inayowafungisha mabao. Nyuso ninazo. Jina la kijiji sina.

"Haina shida, Mama, tuiache hiyo moja," Elia alisema kwa upole.

Tukiiacha, itakuwa imeondolewa kwenye ligi mara ya pili.

Sikumwambia hivyo. Nimemwomba asichape kwanza.

Tangu hapo nimepita bonde zima kichwani, kijiji baada ya kijiji, na bado. Baba na Mama hawapo tena wa kuulizwa. Dada yangu mdogo alikuwa bado mgongoni mwa Mama wakati ule. Katika wote waliokaa uani siku ile ya kura, ninayejua kuwa yu hai ni mmoja tu: Mesheki mwenyewe, kikongwe sasa, kule Bujumbura. Miaka yote hii tumekuwa tukisalimiana kwa kutumiana watu.

Nadhani anakumbuka. Mtu husahau aliowalisha. Aliowafungia mlango hawasahau.

Kukicha nitampigia. Sitamwuliza juu ya sanduku, wala sitamtetea Baba. Nitamwamkia kama mtoto anavyomwamkia mkubwa, kisha nimwulize: wale wa fulana za magunia, Mzee, kwao kulikuwa wapi?