Usingizi Mfupi wa Anastazia

Mama,

Umeenda bombani na mtoto, nami siwezi kusubiri, gari la Bunda litaniacha na usaili ni leo. Maziwa yangu niliyojikamua yako kwenye kikombe cha bluu, nimeyafunika. Kikombe kiweke ndani ya maji ya moto, maziwa yenyewe usiyachemshe.

Akisinzia ~~mlaze kitandani, usimbebe~~ mbebe tu mgongoni. Kitandani ataamka kabla hujamaliza kuchambua dagaa. Nimesoma kwamba watoto wengi wa umri wake hulala hivyo mchana, vipande vipande, na wakikua wanaacha.

Kuhusu asubuhi. Uliposema mtoto hapati usingizi kwa sababu anadai jina la marehemu mama yako, nilikujibu vibaya kwamba jina lake ni Anastazia, basi. Nilidhani unaniambia sijui kulea. Ukamfunga mgongoni, akalala. Nikiwa navaa viatu nikasikia ameshaamka, nawe unamwambia polepole, "Wewe Boke, hata shambani ulikuwaga hutaki kupumzika." Ukacheka peke yako. Nikabaki nimeshika kiatu. Sikujua kwamba bado unamkumbuka mama yako hivyo.

Jina halijamwongezea usingizi, Mama, lakini mwite hilo. Nami nikirudi nitamwita.

Uji wako uko kwenye chupa ya chai. Akilala, kaa unywe, usianze kufua. Niombee.

~~Mama Anastazia~~
Mama Boke