Fulana Iliyobaki Lakeville

Nakijwa,

Huna adabu. Naanza na hilo maana nimelibeba tangu siku polisi walipogonga mlango, na sijapata wa kumwambia. Mjukuu gani anamtangulia bibi yake? Mimi kitenge changu cha kuzikiwa nilishakichagua, nikakuonyesha kilipo, ukakunja uso ukasema, "Bibi, acha mambo hayo." Kumbe mwenzangu unataka kuruka foleni. Nilikwambia barafu ya haiwei, barabara kuu ile, haichezewi. Ungekaa nyumbani siku ile. Ungesema gari limegoma kuwaka. Nani angekufa kwa kukusubiri?

Basi. Nimekugombeza, roho imepoa kidogo. Sasa nikueleze yaliyotokea, na usinikatize.

Naandika kwa mkono, na mkono wenyewe ni wa darasa la nne, kwa hiyo nisamehe herufi zinazolala. Shangazi yako Naetwe alitaka anitafutie kinasa sauti niongee. Nikamwambia hapana. Mambo yako hayakai kwenye mashine ya mtu mwingine, nimejifunza hilo kwako. Nimekaa meza ya jikoni, chai iko pembeni, na theluji ya hapa Burnsville, Minnesota, inaanguka kama haina kazi nyingine ya kufanya.

Kanga yako nyekundu bado inaning'inia kwenye kitasa cha chumba chako. Kanga ikiwa kitasani, usiingie, usibishe, usiite jina langu: ndiyo ilikuwa sheria yetu. Hakuna kazi inayofanyika humo sasa, najua. Lakini sijaitoa. Na nikipita hapo bado nanyata.

Unakumbuka ulivyoniambia? Ndani ya gari, kwenye maegesho ya duka la vyakula, injini inanguruma, mikono yako iko kwenye usukani kama mtu anayeendesha wakati gari limesimama. Ukasema, "Bibi, mimi najionyesha kwenye kompyuta. Watu wananitazama. Wakubwa kwa wakubwa. Na mara nyingine nacheza filamu za watu wazima, zile zenye hadithi." Nikafuta ukungu wa kioo kwa kiganja. Nikakuuliza, "Kuna anayekulazimisha?" Ukasema hapana. Nikakuuliza, "Wakikutazama wanaweza kukugusa?" Ukasema, "Wako mbali, bibi, hawajui hata niko nchi gani." Nikasema, "Basi hakikisha pazia linafunga mpaka chini, majirani wa hapa wana macho." Ukacheka mpaka ukalia. Mimi sikucheka. Kazi ile sikuipenda, na leo siipendi, usije ukadhani kufa kwako kumenilainisha. Lakini ulikuwa mwanamke mzima wa miaka thelathini na ushee, na uliniambia mwenyewe, kwa kinywa chako, kabla sijaambiwa na wengine. Hilo niliheshimu.

Na nikaona jinsi ulivyojilinda. Uliondoa kalenda ya kanisa ukutani. Ukaondoa kitambaa nilichokufumia, maana kuna mtu wa Upare angekitambua. Dirisha ukalifunika wasione theluji. Humo ndani ulivaa kigauni chepesi, heater imepanda, wanadhani uko pwani fulani, kumbe nje gari limezikwa hadi vioo. Kwenye kompyuta hiyo ukaifungia Minnesota nzima. Aliye hapa akikutafuta hakupati. Ukimaliza, unabandika plasta kwenye jicho la kamera kama unafunga kidonda. Kule uliitwa Lulu. Huku Nakijwa. Ukaniambia, "Bibi, hao wawili hawajuani, na wasije wakajuana." Siku moja nilikaanga vitunguu, harufu ikaingia humo ndani, nikakusikia unacheka peke yako. Baadaye ukasema walikuuliza unacheka nini, na hukuwaambia. Kicheko kile kilikuwa cha kwangu. Nilijisikia tajiri.

Sasa sikiliza walichokufanya, na hawakukusudia.

Watu walijaa kwenye msiba, Nakijwa. Viatu vilifika mpaka kwenye ngazi. Walitoka Eagan, wengine Saint Paul, Wakenya wale wa hospitali wakaja na masufuria yao, mmoja akaniambia, "Shosho, wewe kaa, leo hupiki," nikamjibu sijawahi kukalishwa jikoni kwangu, nikakaa. Kamati ikakaa. Kamati yetu unaijua: mtu akifa tu, fulana. Picha ya marehemu kifuani, jina chini. Tatizo likawa picha. Wewe ulikuwa hupigiki picha. Kila harusi, kila Krismasi, ikitoka kamera wewe umeinama kufunga kiatu.

Naetwe akaenda kutafuta nguo ya kukuvalisha, akakuta kwenye begi lako bahasha ina picha kubwa, ya kung'aa. Umevaa gauni la kijani la heshima, mikono mirefu, umeegemea baiskeli. Unatabasamu kama mtu anayemwona mgeni wake anakuja. Wote tulisema hiyo hiyo. Hata mimi. Jambo moja tu lilinisumbua: tairi la nyuma halikuwa na upepo. Nikajiuliza, mtu anapigaje picha nzuri namna hii na baiskeli yenye pancha?

Fulana zikaja, zikagawiwa hapa sebuleni. Bwana Zakayo wa Lakeville, yule anayeongoza maombi kwa macho yaliyofumbwa sana, akaikunjua ya kwake. Akaitazama. Akasema kwa sauti ya mtu aliyeshtuka usingizini:

"Huyu si Lulu?"

Mkewe akageuka taratibu. "Lulu ni nani, baba?"

Nakwambia ukweli, kama si msiba ningecheka. Jasho lilimtoka. Akaanza kusema eti ni picha ya filamu chafu, eti alionyeshwa na watu kazini, eti kanisa haliwezi kumzika mtu wa namna hiyo kwa wasifu na kwaya. Nikainuka. Unajua nikiinuka magoti yangu yanalia, basi yalilia watu wote wakasikia. Nikamwambia, "Bwana Zakayo, sisi humu tumemjua Nakijwa akipika, akiimba, akinikata kucha. Wewe peke yako umemjua kwa jina hilo. Simama basi utusimulie ulivyomjua, tuweke kwenye wasifu." Akakaa. Mkenya mmoja akakohoa kikohozi kisicho cha ugonjwa.

Hapo ndipo nikaelewa kilichofanyika. Uso wa Lulu, na chini yake, kwa herufi kubwa, Nakijwa, na jina la ukoo. Wale wawili uliowatenga miaka yote, kamati ya msiba imewakutanisha kwenye pamba nyeupe na kuwagawa mlangoni. Mtu mmoja akiipiga picha ile na kuitupa kwenye barua pepe ya Watanzania wote, imekwenda. Itafika kwetu Usangi kabla ya udongo wa kaburi lako kutulia. Na wale wasiokujua wa kule kwenye kompyuta watapata jina, watapata kanisa, watapata kaburi.

Nikasema, "Vueni." Wakanitazama. "Fulana zote. Aliyevaa avue, aliyeweka mfukoni atoe. Hapa miguuni pangu." Naetwe akaanza kunishika mkono, "Mama, taratibu," nikamwambia na yako anza wewe. Wakavua. Akina mama wakasimama kuwazuia wengine wasitazame, watu wazima wakabaki na fulana za ndani kwenye msiba. Zikawa lundo. Lakini Bwana Zakayo alishavaa koti lake, akatoka, na fulana ikatoka naye.

Rafiki yako Karin akaja wakati huo huo, na bakuli lake la viazi na nyama vya kuokwa, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Ndiye mliyetengeneza naye filamu, amesema. Aliona lundo, akaelewa kuliko wote, akakaa sakafuni akaanza kulikunja pamoja nami, picha zikitazama ndani. Akanieleza filamu ile, Naetwe anatafsiri. Mwanamke ana kibanda cha chai. Mwanamume anakuja kila siku na baiskeli yenye pancha, anaomba maji ya kutafutia tundu. Mwanamke anamhurumia. Mpaka siku anamkuta nyuma ya kibanda anatoboa tairi lake mwenyewe kwa msumari.

Nakijwa! Huyo ni babu yako! Hicho ni kibanda changu! Nilikusimulia hadithi ile ukinisuka nywele, nikadhani unasikiliza kwa mapenzi, kumbe unasikiliza kwa mapenzi na unaandika. Karin akasema wewe ndiye ulishikilia hadithi iwepo, ulisema watu wapendane kwanza, waongee, wadanganyane kidogo, mtazamaji asubiri. Yanayofuata baada ya tairi kuzibwa sikuuliza, naye hakusema. Ila ujue, mimi na babu yako baada ya tairi tulikwenda kwa mchungaji, kwa miguu. Hiyo sehemu uliiruka, na nimekukasirikia.

Nimekukasirikia, halafu nimelia, maana lile tabasamu la kwenye picha nimelitambua. Ni la kwangu. Ulikuwa unaniigiza mimi.

Siku ya mazishi wakaniuliza kwenye wasifu, mahali pa kazi, waandike nini. Mwenyekiti akapendekeza "alikuwa nesi msaidizi," kwa kuwa wengi wetu huku ndiyo kazi, hakuna atakayeuliza. Nikakataa. Sikutaka uzikwe na kazi ya mtu mwingine. Na ya kwako siyo ya kutangaza, maana hukunipa ruhusa. Nikasimama mwenyewe nikasema, "Alitunga hadithi. Waliomjua kwa kazi walipewa alichotaka kuwapa. Kilichobaki alituachia sisi, na sisi tutakitunza." Kwaya ikaimba. Wapo waliotazama chini. Wapo wasionisalimia mpaka leo, nami nakaa benchi lile lile la mbele ili wachoke kunitazama kisogo.

Lakini ile fulana moja, mjukuu wangu. Ile ya Lakeville. Nilikuwa silali kwa ajili yake. Nikimpigia Bwana Zakayo anasema imepotea. Nikipiga tena anasema yuko kwenye gari. Kila simu ya nyumbani ikilia, nasema: leo ni Usangi wanauliza. Karin aliniambia ile sehemu yako ya kwenye kompyuta ameifunga. Alikuwa na neno lako la siri, ulimwachia kwa siku kama hii. Filamu haiwezi kurudishwa, lakini ina jina la Lulu tu, na Lulu hana kwao. Ilibaki fulana.

Jana asubuhi kengele ikalia. Mke wa Bwana Zakayo, Mama Imani. Peke yake, ameendesha kwenye theluji ile. Kwenye mfuko amebeba fulana, imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa picha ndani. Nikamkaribisha chai. Akasema aliikuta chini ya kiti cha gari. Alimuuliza mumewe alitaka kuifanyia nini, mumewe akasema hajui. Nikamuuliza, "Kuna picha yake imepigwa?" Akasema, "Hapana, bibi. Nilimwambia afungue simu na kompyuta mbele ya macho yangu." Tukanywa chai. Kisha akasema kitu ambacho nimeona nikuletee. Akasema, "Bibi, yule binti alikuwa anaonekana ana furaha kwenye baiskeli ile. Nilitaka nijue alikuwa anamwangalia nani." Nikamwambia, "Mume wangu." Akanishangaa, nami sikumfafanulia.

Zote nimezikata. Mkasi wa jikoni umekuwa butu. Jina upande mmoja, uso upande mwingine, vipande vipande, sikuchoma kwa kuwa kengele ya moshi ya humu ndani ni mbea, ingeita zimamoto. Nimefika ya mwisho, hii ya Mama Imani, mkono ukagoma. Basi nimekata baiskeli tu. Haina uso, haina jina, ni baiskeli ya mtu yeyote yenye pancha. Nimeishonea ndani ya koti langu la baridi, upande wa kushoto, mahali ambapo hakuna atakayeiona mpaka siku wanivue. Na wakiiona hawataelewa kitu.

Naetwe anataka nihamie kwake Eagan. Nitahama theluji ikiisha. Nitaichukua kanga ya kitasani na ile plasta ya kamera, vingine agawe. Na nakuahidi hivi: atakayeniuliza kuhusu Lulu, simjui. Atakayeniuliza kuhusu Nakijwa, akae chini, maana nitachelewa kumaliza.

Lala, mama. Lala vizuri, hakuna anayekutazama.

Ila kabla hujalala, kuna kazi. Mtafute babu yako. Utamkuta amesimama pembeni anajifanya amekwama, ndivyo alivyo. Mnyang'anye huo msumari. Mwambie aizibe hiyo pancha sasa hivi, ajaze upepo, akae tayari barabarani, maana safari hii mimi sitembei kwa miguu.

Bibi yako.