Moshi wa Nyuma ya Duka

Kariakoo,
Dar es Salaam.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko Machame? Kaka Anaeli akukatie majani ya ng'ombe, asijifanye ana shughuli. Usishangae kupata barua zama hizi za simu. Nikiongea kidogo tu pumzi inakata, nawe ukisikia kifua kinavyopiga filimbi utalia, nami nitalia, basi hatutaambiana kitu.

Pumu imenikamata vibaya, Mama. Nililazwa tena, nimetoka juzi. Mimi niliyekuwa nabeba mikungu ya ndizi, sasa nikipanda ngazi za kwetu napumzika kama bibi kizee.

Mwanzoni mimi na mume wangu Rogath tulimlaumu Mama Utsav, yule Mhindi wa duka la jirani, kwa udi anaowasha kila asubuhi akifungua. Nilimfokea mbele ya wateja. Tangu siku hiyo hawashi tena, na mimi nikazidi kuugua. Aibu hiyo sijui niiweke wapi.

Kule hospitali wakanipulizisha kipimo cha mapafu. Daktari akatikisa kichwa, akaniuliza habari za moshi. Nikamjibu kwa fahari kwamba Moshi ndiko nilikozaliwa, na nikienda huko napumua vizuri kabisa! Akacheka hadi akavua miwani, akasema haulizii mji, anaulizia moshi ninaovuta. Ndipo nikataja jenereta letu, linalounguruma kwenye korido nyuma ya duka letu kila umeme ukikatika, na malori yanayoshusha mizigo mlangoni huku injini zinawaka. Hakucheka tena. Alisema mapafu yamebana mno, dawa peke yake haitoshi. Nikiendelea kuvuta hewa ile, ipo siku inhela, ile dawa ya kuvuta mdomoni, haitanifungua.

Sasa nikwambie kilichonishikisha kalamu. Nilimwomba Rogath tuhame, tukafungue duka hata Boma Ng'ombe huko kwetu. Alinishika mkono, akalia. Mwanaume yule, Mama, alilia! Akasema fremu ya duka Kariakoo ukiiachia leo, kesho ina mwenyewe, na wadogo zake wote wanaitegemea. Akasema niende nikapumue, naye atakuwa anakuja kila Desemba, kama wanaume wote wa kwetu.

Unaijua Desemba, Mama. Baba alikuja Desemba zote, nasi watoto tukamwamkia kama mgeni. Nampenda Rogath, naye ananipenda, wala hatujagombana. Laiti ningekuwa na sababu ya kumchukia, ningepanda basi nikiimba. Moyo wangu umevunjika, sikufichi.

Nakuja Jumamosi. Kanisani wakiuliza, usiseme nimekuja likizo. Msalimie Anaeli na wanawe, na majirani wote wanaonikumbuka. Mungu akutunze hadi tuonane. Nikishapumzika, Mama, nifundishe namna ulivyokuwa ukimngoja Baba.

Mwanao akupendaye,
Caroline